Maji ya Uzima Bila Ndoo

Mwaka jana niliombwa niwe mmoja wa waamuzi wa shindano la ushairi la vijana wa makanisa. Mada: maji ya uzima. Nilikubali haraka kwa sababu ushairi naupenda na kwa sababu, tusidanganyane, waamuzi walikuwa na posho. Nikaletewa bahasha nene ya kaki, nikakaa nayo barazani Jumamosi nzima na chai yangu ya rangi.

Ilipofika saa tisa alasiri nilikuwa nimeogeshwa mpaka basi. Mito ya neema, chemchemi za furaha, mabubujiko ya roho, bahari za upendo. Vina vilikaa sawa. Mizani ilitimia. Maji yaliosha, yalitakasa, yalifurika, yaliburudisha. Lakini katika bahasha nzima hapakuwa na ndoo hata moja. Hapakuwa na dumu, kamba, kata, foleni wala bomba lililokauka. Kila mtu alikuwa ameshakunywa kabla hajasikia kiu. Na siku hiyo, jamani, bomba la nyumbani kwangu lilikuwa na siku ya nne linatoa upepo tu, na chai niliyokuwa nakunywa ilichemshwa kwa maji ya kununua kwenye boza.

Sikuwalaumu wale vijana. Waliandika walichofundishwa. Ninaotaka kugombana nao hapa ni waliowafundisha, na mimi mwenyewe nimo.

Hoja yangu ni fupi. Maji ndiyo ishara kubwa kuliko zote katika imani ya Kikristo, na tumeiua kwa kuitenga na maji yenyewe. Wauaji wako wa aina mbili. Wa kwanza wanaondoa maji na kubaki na uzima: kwao kila tone kwenye Biblia ni roho, na anayeuliza habari za kisima ni mtu wa mwilini asiyeelewa mambo. Wa pili wanaondoa uzima na kubaki na maji: wanayatia kwenye chupa, wanayaombea, wanayauza. Makundi haya mawili yanasemana vibaya kila Jumapili. Mimi naona ni watoto wa mama mmoja.

Nianze na wale wa kwanza, maana ndio waliosoma na ndio wanaotuandikia tafakari.

Mahubiri ya Yohana sura ya nne nimeyasikia tangu nikiwa Shule ya Jumapili, na karibu yote yana mahali pa kucheka. Yesu amechoka na safari, ameketi kisimani Sikari, saa sita ya mchana. Anakuja mwanamke Msamaria kuteka maji. Yesu anamwambia kwamba yeye anaweza kumpa maji yaliyo hai. Mwanamke anamjibu kwamba hana hata chombo cha kutekea na kisima kina kina kirefu, sasa hayo maji atayatoa wapi? Hapo mhubiri anasimama kidogo, anatabasamu, anasema: mnamwona mama huyu? Anaambiwa mambo ya mbinguni, yeye anawaza ndoo! Na sisi kwenye mabenchi tunacheka, wengine wetu tumetoka nyumbani alfajiri baada ya kupanga madumu.

Mimi sicheki tena. Kisima ambacho mapokeo yanakiita cha Yakobo kipo mpaka leo, mjini Nablus, Ukingo wa Magharibi, ndani ya kanisa la Kiorthodoksi la Kigiriki, na shimo lake linapita mita 30 kwenda chini. Hebu vuta mita 30 za kamba jua la utosini, kisha uniambie kama ndoo ni kichekesho. Katika mazungumzo yale mwanamke ndiye mwenyeji wa jambo lenyewe. Anaijua kamba, anaujua uzito, anajua kwamba mgeni huyu hawezi kupata hata funda moja bila msaada wake.

Na tena alisikia sawasawa. Maneno yanayotafsiriwa "maji yaliyo hai" hayakubuniwa na wanatheolojia. Kwa Kigiriki, na kwa Kiebrania kabla yake, ndivyo watu wa kawaida walivyoyaita maji yanayotembea, maji ya chemchemi au ya mto, tofauti na maji yaliyotuama kwenye birika. Ilikuwa lugha ya wateka maji. Kwa hiyo anapouliza "yako wapi?" anauliza swali la mtu anayejua Kigiriki chake: hapa kuna shimo, wewe unasema kuna chemchemi, nionyeshe. Mwandishi wa Injili anacheza na jambo hilohilo. Anapokitaja kisima mwenyewe mwanzoni, anatumia neno la chemchemi. Mwanamke anapokitaja, anatumia neno la shimo lililochimbwa. Halafu Yesu anaahidi chemchemi ndani ya mtu. Mchezo wote wa maneno unasimama juu ya tofauti ambayo mteka maji anaijua kwa mikono yake. Mhubiri anayemcheka mwanamke anachekea msingi wa nyumba aliyomo.

Tofauti hiyo naijua kidogo. Nimekulia kijijini, mkoa wa Dodoma, na kiangazi chetu kilikuwa kirefu. Kulikuwa na lambo la mifugo, maji yamesimama, ya kijani, yananuka ng'ombe. Na kulikuwa na korongo. Masika lilijaa na kuunguruma, lingeweza kubeba mbuzi. Mwezi wa saba lilikuwa barabara ya mchanga. Tulichimba mchangani kwa mikono na bakuli mpaka tukaona unyevu, tukakaa pembeni kusubiri yatoke, kidogokidogo, safi kabisa, baridi. Unachota kwa kata, unamimina kwenye ndoo, unasubiri tena. Ndoo moja ilikuwa asubuhi nzima. Ukimaliza, unaweka majani juu ya maji yasimwagike njiani, unakunja ngata, unaomba mtu akutwishe. Peke yako hujitwishi ndoo iliyojaa.

Kwa hiyo nilipokua na kumsoma nabii Yeremia, sura ya pili, pale Mungu anapolalamika kwamba watu wake wameiacha chemchemi ya maji yaliyo hai na kujichimbia mabirika yaliyopasuka, sikuhitaji kamusi. Nilipomsoma Amosi sura ya tano, ndipo nilipokasirika kwa mara ya kwanza juu ya kile nilichofundishwa. Amosi alikuwa mfugaji wa Tekoa, pembeni mwa jangwa la Yudea, nchi ya makorongo. Anasema Mungu amechoshwa na sikukuu zao, hazitaki nyimbo zao wala vinubi vyao. Anachokitaka ni haki ishuke kama maji, na uadilifu kama mto usiokauka. Mto usiokauka! Mtu aliyekulia kando ya mto Rufiji anaweza kupita hapo bila kushtuka. Kwa mtu wa korongo hilo ni dai kubwa sana: haki isiwe ya masika tu, isiungurume wakati wa mkutano wa injili halafu mwezi wa saba ikawa mchanga.

Sasa angalia kilichotokea. Kwa manabii, maji ni haki, ni maskini kutoonewa getini, ni mizani ya duka kuwa halali. Kwenye bahasha yangu ya mashairi, maji yalikuwa hisia. Ni amani moyoni, ni utulivu, ni machozi mazuri ya ibada. Sisemi hisia hizo ni za uongo. Nasema ishara iliyokuwa na mfupa imebaki nyama laini.

Rafiki yangu mmoja tuliyesoma naye chuo sasa ni mchungaji. Nilimsomea aya hizi kwenye simu. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Dada, kazi nzuri. Lakini unaigeuza Injili kuwa mradi wa kisima." Akaendelea: Yohana mwenyewe, sura ya saba, anaeleza wazi kwamba maji yale ni Roho. Na yule mwanamke, baada ya kuelewa, aliuacha mtungi wake akakimbilia mjini. Aliuacha! Je, hiyo si alama kwamba maji ya dunia hayakuwa na maana tena?

Pingamizi lake ni la haki na silikwepi. Ni kweli, Yohana anamaanisha Roho. Sijawahi kusema kwamba Yesu alikwenda Samaria kukagua miundombinu. Lakini kumaanisha zaidi ya maji si kumaanisha bila maji. Tuliosoma fasihi tunalijua hili, au tunapaswa kulijua. Sitiari ni daraja lenye nguzo mbili. Ukiing'oa nguzo ya huku, ile ya kule haipai juu mbinguni. Daraja linaanguka mtoni. Anayesema Roho ni kama maji anakopa kila kitu kutoka kwa kiu: ukavu wa koo, haraka, furaha ya funda la kwanza, kutowezekana kuishi muda mrefu bila kinywaji. Msomaji asiyeruhusiwa kukumbuka kiu ya mwili hana cha kukopa. Anabaki na neno "uzima" likielea.

Na mtungi je? Yohana hasemi kwa nini aliuacha. Wahubiri wanajaza pengo hilo kwa wepesi. Mimi nina usomaji wangu, na nautoa kama usomaji tu. Mwanzoni mwa mazungumzo mtu alikuwa ameomba maji. Hadithi haisemi popote kwamba alipewa. Mtungi unabaki kisimani, karibu na mtu mwenye kiu. Sioni mwanamke aliyeyadharau maji. Namwona mwanamke aliyemwachia mgeni chombo alichokuwa hana.

Maana hili ndilo linalosahauliwa kuliko yote: mtoa maji ya uzima anaingia kwenye hadithi akiwa mwombaji. Anaomba maji kwa mwanamke, tena Msamaria, wakati Yohana mwenyewe anatukumbusha kwamba Wayahudi na Wasamaria hawakuchangamana. Angekuwa na ndoo yake na kamba yake angekunywa, angeondoka, na tusingekuwa na sura ya nne. Mazungumzo marefu kuliko yote ya Yesu na mtu mmoja katika Injili hii yalizaliwa na upungufu wa ndoo.

Fungua sasa sura ya 19. Pilato anamtoa Yesu asulubiwe, na Yohana anatutajia saa: yapata saa sita. Saa ileile ya kisimani. Na msalabani, katika Injili hii ya Yohana, yule aliyeahidi kwamba anywaye maji yake hataona kiu milele anasema ana kiu. Anapewa siki. Baadaye mkuki unapomchoma ubavu, inatoka damu na maji. Mwandishi aliyejenga hivyo hakuwa anatafuta njia ya kuikimbia kiu ya mwili. Aliipanda mwanzo na mwisho, kama vigingi viwili, na akatundika maji yote ya kitabu chake katikati.

Wakristo wa mwanzo walilielewa hili vizuri kuliko sisi. Kuna kitabu kidogo kiitwacho Didache, ambacho wengi wanakiweka mwishoni mwa karne ya kwanza au mwanzoni mwa karne ya pili. Kilipotea muda mrefu mpaka Philotheos Bryennios alipokikuta kwenye maktaba mjini Constantinople mwaka 1873, akakichapisha miaka 10 baadaye. Sura yake ya saba inaeleza ubatizo. Batiza kwa maji yaliyo hai, yaani yanayotembea. Huna? Tumia maji mengine. Huwezi ya baridi? Tumia ya moto. Na kama huna ya kutosha, mimina kichwani mara tatu. Basi. Nilipoisoma mara ya kwanza nilicheka kwa furaha, kwa sababu ameandika mtu aliyewahi kuishiwa maji. Anaithamini ishara, anaanza na maji yanayotembea kwa kuwa yana maana yake, lakini anajua kuna watu wa korongo mwezi wa saba, na hawafungii nje. Karibu na mwaka 200, Tertullian wa Carthage aliandika kitabu kizima juu ya ubatizo, na akasema haileti tofauti mtu akioshwa baharini au bwawani, mtoni au kwenye chemchemi. Maji ni maji. Hakuna maji ya daraja la kwanza.

Hapo ndipo ninapowageukia wale wa pili, wauza chupa.

Niliwahi kununua maji ya upako. Nilikuwa naandika habari, nikapanga foleni kama wengine, nikatoa shilingi 5,000 kwa chupa ya nusu lita ambayo dukani ni kama 500. Chupa ilikuwa na lebo ya kiwanda, na juu yake ilibandikwa karatasi yenye picha. Mama aliyekuwa mbele yangu alinunua tatu. Alisema moja ya mwanawe mgonjwa, moja ya biashara, moja ya kunyunyiza kwenye kona za nyumba. Nilitaka kumwambia kitu, nikashindwa. Yule mama hakuwa mjinga. Alikuwa na kiu, na mtu fulani alikuwa ameweka bei.

Biblia inayo hadithi ya bei hiyo, na nashangaa haihubiriwi. Naamani, jemadari wa Shamu, ana ukoma. Elisha anamwambia akajichovye Yordani mara saba. Naamani anakasirika: kwao Dameski kuna Abana na Farpari, mito bora kuliko maji yote ya Israeli. Mwishowe anakubali, anatakasika, anarudi na zawadi. Elisha anakataa. Hachukui hata kitu kimoja. Ila mtumishi wake, Gehazi, anamkimbilia mgeni njiani, anatunga uongo, anapata talanta mbili za fedha na nguo. Anaporudi, ukoma wa Naamani unamwandama yeye na uzao wake. Ujumbe hauhitaji digrii. Mto ulikuwa wa kawaida, neema haikuwa na risiti, na aliyejaribu kuandika risiti aliondoka na ugonjwa.

Na sisi Watanzania hatuwezi kujifanya hatujui maji yanayobebeshwa maana yanaweza kufanya nini. Historia yetu ina vita vilivyoitwa kwa jina la maji, 1905 hadi 1907, na fasihi yetu ina tamthilia ya Ebrahim Hussein, Kinjeketile, ya mwaka 1969. Hussein hakuidharau ile ishara. Alionyesha ikiwaunganisha watu waliokuwa wametengana. Kisha akaonyesha ishara hiyohiyo ikimponyoka aliyeileta, watu wakiyashika maji na kuuacha umoja uliopaswa kuyatia nguvu. Huo ndio mgawanyiko ninaousema. Na si mambo ya zamani tu. Februari 1, 2020, mjini Moshi, watu 20 walikufa wakikanyagana kukimbilia mafuta ya upako. Yalikuwa mafuta, hayakuwa maji, lakini kiu ilikuwa ileile. Tuliandika habari siku tatu, tukahamia kwingine.

Mnaona sasa kwa nini nasema ni watoto wa mama mmoja? Mhubiri msomi anamwambia mama mwenye kiu: kiu yako ya mwili si mada. Anamwacha mtupu. Muuza chupa anamngoja nje ya geti na kumwambia: kiu yako ndiyo mada, leta elfu tano. Wa kwanza anamtengenezea wa pili wateja.

Sasa nilisema nami nimo. Nisimalizie bila kulieleza hilo.

Oktoba 2022 kina cha mto Ruvu kilishuka kwa ukame na Dar es Salaam tukatangaziwa mgawo wa maji. Mnaokaa hapa mnakumbuka. Kanisa ninalosali lilikuwa na kisima kirefu na tangi kubwa juu ya mnara, na siku za kazi majirani waliuziwa maji kwa bei ya kawaida tu, ya kulipia umeme wa pampu. Sina ugomvi na bei ile. Jumapili moja katikati ya mgawo nilipangiwa kusoma somo. Lilikuwa Yohana sura ya nne.

Nilipofika getini kulikuwa na wanawake wengi na ndoo, wamekaa chini kwenye kivuli cha ukuta. Mlinzi aliwaambia kamati imeelekeza: ibada kwanza, maji baada ya ibada. Kulikuwa na binti wa miaka tisa au kumi hivi, amekalia dumu la lita 20 lililolazwa ubavu, kanga ya ngata mapajani. Akaniamkia, "Shikamoo, mama." Nikaitika marahaba. Nilikuwa nimevaa kitenge kipya na viatu virefu. Nikapita. Nikaingia. Nikasoma.

Nilisoma vizuri, niliambiwa hivyo. Mahubiri yalifika mahali pa kucheka, watu wakacheka. Ibada ilichukua saa tatu kwa sababu kulikuwa na harambee. Tulipotoka geti lilifunguliwa, wanawake wakaingia, pampu ikawashwa, na dakika chache baadaye umeme ukakatika. Tangi lilikuwa limeshatumika kwa vyoo na kwa jiko la kamati ya mapokezi. Wachache walipata. Yule binti hakupata. Nilimwona akiondoka amelibeba dumu begani, jepesi.

Jumatano nilimuuliza mzee mmoja wa kanisa kwa nini geti lisingefunguliwa asubuhi. Alikuwa mtu mwema, najua watoto aliowalipia ada bila kutangaza. Alinijibu kwa upole kabisa. "Dada, ndoo zina kelele. Tungefungua wakati wa ibada, Neno lisingesikika."

Sikumjibu. Nilishukuru nikaondoka. Na mimi ni mwandishi wa habari; nimeandika juu ya maji miaka mingi, mabomba, mikataba, ankara. Ninaweza kukutajia bila kufungua daftari kwamba Umoja wa Mataifa uliyatambua maji kuwa haki ya binadamu Julai 2010, na kwamba kwa makadirio ya WHO na UNICEF watu bilioni 2.2 duniani hawakuwa na huduma ya maji salama mwaka 2022. Habari ya geti lile sikuiandika. Ilikuwa kanisani kwangu, na mimi ndiye niliyekuwa nimesimama mimbarini.

Jibu ambalo ningepaswa kumpa mzee ni hili, na nampa leo. Ndoo zina kelele, ni kweli. Kelele hizo ndizo zilizokuwa kisimani Sikari. Kule Neno lilisikika kwa sababu ya ndoo, si baada ya ndoo kuondolewa. Tulilifunga nje ya geti somo lenyewe, tukaingia ndani kulisoma. Yule binti alikuwa na kila kitu kilichomo kwenye sura ile: chombo, jua, umbali, kiu. Sisi tulikuwa na kipaza sauti.

Na kuna mstari wa hukumu kwenye Mathayo 25 ambao hauwezi kugeuzwa sitiari hata ukiukamua. Mfalme anawagawa watu kwa swali la nani alimnywesha alipokuwa na kiu. Hawaulizwi walielewaje kiu. Wanashangaa wote, wa kulia na wa kushoto, kwa sababu hakuna aliyejua kwamba maji yale ya kawaida ndiyo yaliyokuwa ya kiroho.

Kwa hiyo sitaki tuache kuimba maji ya uzima. Nataka tuyaimbe tukiwa tumebeba kitu. Washairi wenzangu, mkiandika chemchemi, nionyesheni basi aliyetembea kuifikia. Wahubiri, kabla ya kumcheka mwanamke wa Samaria, tekeni ndoo moja kutoka kisima chochote chenye kamba. Wauza chupa, someni mwisho wa Gehazi. Na kamati za makanisa yenye visima: fungueni geti mapema, zishike kelele zake, someni Yohana juu ya kelele hizo. Mkiona hamsikiki, pazeni sauti.

Yule kijana aliyeshinda shindano, nami nilimpa alama za juu, maana vina vyake vilikuwa safi kweli na sikuwa na lingine la kuchagua. Mwaka huu waandaaji wamenipigia tena. Nimewaambia nitakuja hata bila posho, ila nimependekeza mada ibadilishwe, iwe neno moja tu: kiu.

Bado hawajanijibu.